Saini ya Kinyozi

Kinyozi alipoitwa shuleni alidhani wanataka kumpa kazi ya kunyoa wanafunzi wote. Tusimlaumu sana kwa hilo. Ujumbe ulisema tu afike asubuhi aonane na mwalimu, na mtu anayejipenda hujaza mwenyewe yaliyobaki. Alivaa shati lililonyooshwa na mkewe, akatia mashine mpya kwenye mkoba ili akawaonyeshe kwamba haina kelele, akaenda akipiga mluzi.

Mtaani walimwita Redio. Tangu anapofungua duka mpaka anapofagia nywele za mwisho, mdomo wake haukupumzika, na kusema kweli wateja wengi waliufuata mdomo kuliko mkono. Ukikaa kitini kwake, akakufunga kitambaa shingoni, utaambiwa nani kaachwa, nani kavimba kichwa tangu apate cheo, nani kahama bila kuaga. Utacheka sana. Ukishashuka kitini, zamu yako ya kuchekwa imefika, na yeye wala hana ubaya na wewe.

Shuleni hakuna aliyeulizia mashine. Alipokelewa na mwalimu wa ushauri, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo. Nyavu za mpira bado zilining'inia ukutani. Mwalimu alimweleza taratibu kwamba binti yake wa darasa la nne anajing'oa nyusi. Anakaa nyuma, anainama kama anayesoma, huku vidole vinafanya kazi. Za kushoto zilikuwa zimekwisha kabisa, za kulia zilikuwa njiani, na kope nazo zilianza kupungua.

Redio alicheka kwa ukarimu, kama fundi anayemsikiliza mteja akimtajia ugonjwa wa saa yake. Alisema hayo ni mapunye tu. Yalianzia kichwani, viraka viwili juu ya sikio, na yeye mwenyewe kwa mkono wake alimnyoa mtoto upara akampaka dawa.

"Nywele ndiyo kazi yangu, mwalimu," alisema.

Kweli ndiyo kazi yake, na hapo ndipo alipoumia. Mwenye duka la nguo angeona viraka vile akashtuka, akauliza nywele zimekwenda wapi. Kinyozi aliona viraka akaona kazi, akawasha mashine.

Mwalimu alisema muuguzi amemtazama mtoto na ngozi yake ni nzima; hata za kichwani alizing'oa mwenyewe. Kisha akauliza kama kuna jambo lolote limetokea nyumbani. Redio alijibu kwamba hakuna.

Hakuna! Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka uliopita, kwenye kitanda alicholala na mjukuu huyohuyo. Mtoto ndiye aliyeamka akamwita bibi, akamtikisa, akamwita tena. Bibi ndiye aliyekuwa akimsuka kila mwisho wa wiki, amembana katikati ya magoti, akimfinya sikio asipotulia. Baada ya mazishi wakubwa walilia, wakawashukuru waliokuja kuwafariji, wakarudi makazini. Kuhusu mtoto walisema watoto husahau upesi, na hakuna aliyemuuliza yeye kama kasahau.

Mwalimu alitoa fomu ya ridhaa. Alitaka kukaa na mtoto mara moja kwa wiki, wazungumze, wachore, wanyamaze pamoja ikibidi. Lakini bila saini za wazazi wote wawili, taratibu za shule hazikumruhusu hata kuanza. Redio aliisukuma ile karatasi kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu si kichaa."

Mwalimu alimjibu kwamba hakuna aliyesema hivyo. Hakubishana zaidi, alimkunjia fomu, akamwomba akaisome na mkewe. Upole huo ulimuudhi Redio kuliko kama angefokewa, maana aliyefokewa hupata la kujibu.

Alitoka pale uso umemshuka. Mwingine angekaa peke yake na aibu yake mpaka ipoe. Huyu aliipeleka dukani. Foleni ilikuwa imeanza, fundi bomba akapanda kitini, akapakwa povu kidevuni, na Redio akafunguka. Alisema shule za siku hizi zimeishiwa kazi, mpaka zinamwita mzazi eti binti apelekwe kwa watu wa akili kwa sababu hana nyusi.

"Kichwani hana kitu, usoni hana kitu, yai la kuchemsha kabisa," alisema. "Sasa yai nalo linahitaji ushauri?"

Duka zima lilicheka. Fundi bomba alitikisika hadi akaponea chupuchupu kukatwa na wembe. Redio naye alicheka, na kwa muda mfupi alijisikia nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Hakujali ameutua kichwani kwa nani.

Jioni alimweleza mkewe kwa kifupi, akiyaacha ya dukani. Mkewe alikuwa dobi, akifua na kunyoosha mashuka ya nyumba ya wageni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndoa ile isingeweza kubeba wasemaji wawili. Aliisoma fomu akiwa amesimama, akachukua kalamu, akatia saini yake, akamsogezea mumewe. Redio alisema mambo ya ndani hayatolewi nje. Alilisema hilo bila kupepesa macho.

"Kinyozi hajinyoi," mkewe alimwambia. "Acha mwingine amtazame mtoto."

Redio alisema atafikiria. Mkewe akamkumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, akaenda zake kulala. Fomu ikabaki mezani na saini moja.

Ulimi hauna mfupa, na wa fundi bomba haukuwa na tofauti. Alikuwa na binti darasa lilelile. Usiku huo alisimulia kichekesho mbele ya wanawe wakila, bila nia mbaya yoyote, kama vile Redio asivyokuwa na nia mbaya na watu wake.

Kesho yake binti wa kinyozi alirudi nyumbani amevuta kofia ya sweta mpaka kwenye kope. Wakati wa kula hakuivua wala hakugusa chakula. Mama yake alimuuliza kuna nini, akaivuta kofia zaidi. Akamuuliza tena kwa upole, amemshika mkono.

"Wananiita Yai," mtoto alisema. "Yai la kuchemsha."

Redio alikuwa amepeleka tonge mdomoni, likasimama njiani. Kichekesho chake mwenyewe kilikuwa kimezunguka mtaa kikarudi kukaa mezani kwake.

"Nani kawapa jina hilo?" mama aliuliza.

Binti alimtazama baba yake, kisha akatazama sahani. Redio alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kusema, na mtu anayesema kutwa nzima hakupata neno. Alipolipata, halikuwa lile.

"Watoto wa siku hizi hawana adabu," alisema.

Mkewe aliitikia kwamba kweli hawana. Redio akalimeza lile tonge, na aibu ikashuka pamoja nalo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekipa uzito. Siku alipomnyoa, mtoto aliomba apewe nywele zake zilizonyolewa, zile alizokuwa akisukwa na bibi. Yeye alimwambia nywele zilizoanguka ni uchafu, akazifagia pamoja na za wateja.

Asubuhi hakufungua duka. Alitia saini pale mezani, kwa kubonyeza sana, akamshika binti mkono wakaenda shuleni pamoja. Njiani alijifariji. Alijiambia saini ni saini. Ikishawekwa mambo yatajipanga yenyewe, na hilo la dukani litazikwa bila kaburi.

Mwalimu aliipokea fomu na kumshukuru. Lakini akasema wazazi peke yao hawatoshi, mtoto mwenyewe naye lazima aulizwe. Alimkalisha binti kwenye kiti kilichokuwa chini ya zile nyavu, akamweleza kwamba atakayoyasema humu yatabaki humu, isipokuwa likiwa jambo la kumhatarisha. Binti alisikiliza yote, kofia imemfunika paji la uso.

"Hata baba hataambiwa?" aliuliza.

"Hata baba."

"Na wateja?"

Mwalimu hakuelewa, akauliza wateja gani. Redio alielewa vizuri sana, na masikio yakamwaka moto. Angeweza kucheka. Angeweza kusema mtoto ana utani kama baba yake, na mwalimu angeamini. Alikuwa na maneno mia ya namna hiyo, yote yamepanga foleni. Akayaacha yalipo, akachuchumaa mbele ya kiti cha mwanawe, jambo ambalo goti lake halikulipenda.

"Jina la Yai nililitoa mimi," alimwambia. "Dukani. Nilitaka watu wacheke."

Mtoto hakushtuka hata kidogo.

"Najua. Binti wa fundi bomba aliniambia palepale."

Redio alimtazama. Alikumbuka jana mezani, yale macho yaliyomjia yeye kwanza kabla ya kwenda kwenye sahani.

"Sasa mbona hukumwambia mama, alipouliza?"

Binti alivuta uzi wa sweta, akaufikiria.

"Ungeona aibu," alisema.

Mwalimu aligeuka akawa anapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Redio alibaki amechuchumaa. Mtoto wa umri ule alikuwa amekaa na njaa na jina baya, na juu ya hayo akambebea baba yake aibu, asimwangushe mbele ya mkewe. Na yeye, mtu mzima mwenye ndevu, aliinyamazia zawadi hiyo akaendelea kula. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Binti alimwambia mwalimu kwamba amekubali, ila baba atoke. Redio alisimama, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Ndani alisikia sauti ya mwanawe ikianza, ndogo, bila maneno kufika. Maisha yake yote angesogea karibu kidogo asikie. Sasa alisogea mbali.

Dukani kwake wateja walikuwa wamejaa nje ya mlango uliofungwa, na fundi viatu alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, akimuuliza kuna habari gani leo. Redio alimpungia mkono akapita. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya wageni, akazunguka kwa nyuma, akamkuta mkewe ananyoosha mashuka. Akamwomba aiweke pasi chini kwanza, amjibu lile swali la jana mezani.