Aliyerukishwa Mwaka wa Kwanza

Habari kwamba Namunyak amedisko zilimkuta Mwalimu Anold kwenye foleni ya chapati, na chapati yenyewe hakuila. Kudisko, kwa lugha ya wanafunzi, ni kuondolewa chuo kikuu kwa kufeli. Anayedisko hufunga godoro lake na kurudi kwao huku wenzake wakijitia hawamwoni. Namunyak alikuwa amesharudi nyumbani, kule tambarare chini ya mji wa Same ambako baba yake anachunga ng'ombe. Msichana aliyeleta habari, ambaye alisoma naye stashahada, aliongeza kwa huruma kwamba maskini, kumbe mwenzetu hakuwa na kichwa cha chuo kikuu.

Anold aliitikia kwa kichwa, na huko kuitikia ndiko kulikomkosesha raha wiki nzima. Alijua fika kwamba kichwa cha Namunyak hakikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwake yeye.

Anold alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja kidogo cha stashahada pale Same, chuo chenye bango kubwa kuliko madarasa yake. Fahari ya chuo hicho ilikuwa wanafunzi waliovuka kwenda vyuo vikuu vya serikali. Wengi walipokelewa na kuanza mwaka wa kwanza kama watu wengine. Wachache, ambao masomo yao ya stashahada yalikubaliwa kule, waliingia mwaka wa pili moja kwa moja, na hao ndio mkuu wa chuo aliowapenda kama wanawe wa kuzaa. Siku ya mahafali majina yao yalisomwa kwa kipaza sauti na mama zao wakapiga vigelegele. Walioanza mwaka wa kwanza hawakusomwa popote. Lakini wao ndio walikuwa wakimaliza shahada, na wale warukaji ndio waliokuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine. Anold aliliona jambo hilo kwa miaka, akavaa miwani ya mbao.

Sasa, kisa cha Namunyak kilianzia kwenye somo la Takwimu. Mwaka wao, mwalimu wa somo hilo alipata kazi Dodoma akaondoka muhula ukiwa mbichi, wala hakuletwa mwingine. Muhula ulipoisha, mkuu wa chuo aliita kikao, akasema watoto wasiumie kwa kosa ambalo si lao, wapewe alama. Wakapewa, tena nzuri. Anold alikaa kwenye kikao hicho na kuzigawa alama zile kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayepakua pilau ya harusi ambayo hakuigharimia. Chuo kikuu kikaziona, kikaamini, kikahesabu kwamba Takwimu hawa wameshaisoma.

Namunyak peke yake ndiye aliyekuja ofisini kuuliza.

"Mwalimu, Takwimu hatukusoma. Si afadhali niombe kuanza mwaka wa kwanza, niisome kule?"

"Urudi nyuma kama mtoto wa chekechea?" Anold alimcheka. "Nenda mwaka wa pili, binti. Takwimu utaikuta njiani."

Alimcheka huku akijua kwamba msichana anasema kweli. Lakini angeomba kuanza mwaka wa kwanza kwa sababu ile, kule wangetaka kujua imekuwaje, na chuo kizima kingevuliwa nguo hadharani. Basi akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Namunyak, ambaye kwao hawabishani na mwalimu, akaenda mwaka wa pili. Huko alikuta kila somo limejengwa juu ya Takwimu. Alikesha, aliomba vitini kwa wenzake, na bado akaanguka.

Kilichomtia Anold uchungu zaidi kilikuwa ng'ombe. Namunyak alipopata nafasi, baba yake, mzee Kasaine, alimleta mtamba hadi Same, akamkabidhi Anold kamba na kuondoka bila hotuba. Anold ni Mpare wa Mamba, kule juu milimani. Kwao mtu akikushukuru hukupa kikapu cha tangawizi, unasema ahsante sana, mambo yameisha. Alidhani na huyu ni vivyo hivyo, akampandisha mlimani kwa mama yake. Tangu siku hiyo Kasaine hakumwita tena Mwalimu. Alimwita Pakiteng'.

"Kwetu ndivyo wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe," Namunyak alimweleza wakati huo, akicheka kwa aibu. "Mpaka kufa. Baba haoni kama amekulipa, mwalimu. Anaona amekufanya ndugu."

Ndiyo maana simu ilipoita Ijumaa, Anold alitamani isipokelewe. Ilipokelewa.

"Pakiteng', njoo," sauti ya Kasaine ilisema. "Binti yetu ametuaibisha."

Binti yetu. Ametuaibisha. Anold alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa, uso umemwiva kwa haya ingawa ofisini hakukuwa na mtu.

Kesho yake alikodi bodaboda ya Hamidu wakateremka tambarare. Njia nzima alikuwa akijipanga. Dirisha la udahili lilikuwa bado wazi. Namunyak angeweza kuomba upya, aanze mwaka wa kwanza kama alivyotaka mwenyewe tangu mwanzo, ili mradi baba akubali. Kasaine angekubali kama angejua kwamba binti hakuzembea. Na wa kumjulisha alikuwa mtu mmoja tu. Anold aliyarudia maneno yake kimoyomoyo mara nyingi, na kila mara yalitoka vizuri. Hamidu alijua kuna jambo, kwa kuwa abiria wake hakulalamikia vumbi.

Kasaine aliwapokea nje ya boma. Anold alimwamkia shikamoo, mzee akaipuuza.

"Sopai, Pakiteng'. Mimi na wewe shikamoo ya nini?"

Walikaa kivulini ukutani mwa nyumba. Nasha, mama yake Namunyak, alileta chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, akasimama kidogo kuuliza hali ya mama mzee wa Mamba na hali ya mtamba. Anold alisema wote ni wazima, mtamba ana mimba. Nasha alifurahi kweli. Anold alishindwa kumtazama usoni.

Kisha Kasaine akamwita binti. Namunyak alikuja na kusimama mbele yao. Alikuwa amekonda. Alimwamkia mwalimu, na mwalimu akaitika marahaba.

"Huyu nimemwuliza peke yangu, hasemi," Kasaine alisema. "Nikaona asemee mbele yako, maana wewe ndiye uliyemsimamia. Nataka kujua kitu kimoja. Kama ng'ombe wangu ameanguka kwa sababu njia ilikuwa mbaya, namwinua, namrudisha njiani. Kama amelala chini kwa uvivu, simwinui. Namunyak, ulianguka kwa nini?"

Msichana aligeuka. Alimtazama Anold. Hakumtazama kwa hasira, wala hakuwa akimwomba kitu. Alimtazama tu na kunyamaza, na kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba hata mwehu angejua ni cha nani kukijaza.

Anold alifungua kinywa. Maneno yote ya njiani yalikuwepo. Lakini aliona uso wa Kasaine, ule uso uliomwamini bila kubakiza, akawaza utakavyokuwa baada ya maneno hayo, na woga ukamshika. Akanyanyua kikombe akanywa chai.

"Nilizembea, baba," Namunyak alisema.

Kasaine aliinamisha kichwa. Ilionekana kwamba alikuwa ametumaini jibu jingine.

"Basi," alisema. "Hatarudi kule. Pakiteng', unisamehe. Nilikupa mzigo usiobebeka." Akainuka na kuelekea zizini, kwa sababu mzee hapendi kutazamwa akiwa ameumia.

Namunyak alimsindikiza mwalimu kuelekea kwenye pikipiki, kama adabu inavyotaka. Anold ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Kwa nini umesema vile? Hukuzembea. Mimi najua hukuzembea."

"Ningesema nini, mwalimu? Kwamba rafiki wa baba alinidanganya? Hilo si la kwangu kusema. Akilisikia kwangu ni mtoto anasingizia. Akilisikia kwako ni kweli."

"Nilikuwa karibu kusema."

"Nilikungoja," Namunyak alisema. "Ukanywa chai."

Hakulisema kwa ukali, na hapo ndipo lilipomchoma. Alimwinamia kwa heshima, akageuka, akarudi kumsaidia mama yake kuosha vikombe.

Hamidu alishapiga pikipiki moto. Anold alipanda, akashuka. Akamwambia azime kwanza. Alirudi peke yake hadi zizini. Kasaine alikuwa akimkagua ndama kwato, akainua macho.

"Umesahau kitu?"

Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe. Hapakuwa na Nasha wala Namunyak. Anold akasikia mdomo wake ukisema neno ambalo hakulituma.

"Kofia," alisema. "Nimesahau kofia yangu."

Kasaine alimwangalia. Kofia ilikuwa kichwani mwa mwalimu, nyeupe, imemkaa vizuri kabisa. Mzee aliitazama bila haraka, kisha akatazama chini ya kofia, kwenye macho ya mtu mzima yaliyokuwa yakilengwa na machozi. Akamwachia ndama kwato. Alitoka nje ya zizi, akachukua kigoda chake, akakiweka kivulini na kukifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa," alisema. "Tutaitafuta wote."

Anold akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakujua aanzie wapi.

"Takwimu," alisema mwishowe. "Ni somo. Hatukulifundisha."