Pointi za Wanaobaki

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba pointi zetu za ndege zimeanguliwa.

Zilikuwa vifaranga wa manjano, wamejikunyata ndani ya begi la Shangazi Namsifu, juu ya mfuko wa unga wa ulezi. Sikushangaa. Nilisikitika tu kwamba walikuwa wachache, maana hata ndotoni nilikumbuka habari yote ilivyokuwa. Binti yake, dada Nakiete, amejifungua mtoto wa kike huko Bergen, Norwe, na mtoto ameitwa Namsifu, jina la bibi yake. Ndugu zetu walioko ng'ambo wakachanga pointi zao za safari kwenye akaunti moja ya familia, ili bibi apande ndege akamwone wajina wake. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyemaliza chuo, nikapewa kazi ya kukata tiketi kwa simu. Na jioni niliyokaa kuikata, shirika likawa limebadilisha hesabu zake. Kiti kilichokuwa kinatoshana na pointi zetu sasa kilitaka zaidi.

Shangazi hakuwa na habari. Alikuwa ameshafunga begi kwa utepe mwekundu, akalala mapema kama mtu aliyemaliza kazi zake.

Basi nikajikuta uwanja wa ndege, jua la mchana, na begi linalia pii, pii, pii.

"Weka hapa," ikasema mizani.

Ilikuwa mizani ya zamani, yenye sauti ya mwanamke aliyeuza nyanya maisha yake yote. Nikaweka begi. Ikavuta pumzi, ikaanza kutaja vitu kimoja kimoja. Ulezi iliuona. Ndizi za mtori wa mzazi iliziona. Vitenge vilivyofungwa kwa gazeti iliviona pia.

"Na hii nyingine nzito ni nini?"

Shangazi alikuwa amesimama kando yangu tangu mwanzo, ingawa sikuwa nimemwona. Alivaa gauni lake la kanisani na raba nyeupe.

"Hamu," akajibu.

"Ya tangu lini?"

"Tangu Nakiete aondoke."

Mizani ikafikiri. "Hamu haitozwi," ikasema. "Ila uibebe mkononi. Usiache ikapakiwa chini ya ndege, huko kuna baridi."

Shangazi akafungua begi, akaitoa, akaibana kwapani. Tukaendelea.

Mbele yetu kulikuwa na lango lile jipya linalotambua abiria kwa sura. Watu walipita bila kuonyesha karatasi yoyote. Shangazi aliposogea, lango likasita.

"Uso huu ninaufahamu sana," likasema. "Nimeuona mara nyingi mno. Lakini siku zote nauona kwa nje."

"Ndiyo," akasema Shangazi. "Mimi huwa nabaki."

Lango likafunguka polepole, kama mtu anayempisha mkwe.

Ndani mlikuwa ukumbi wa kanisa letu la Usangi, wenye mabenchi yale yale, ila ukutani palikuwa na orodha ya ndege. Abiria walikaa kwa madaraja yao. Watu wa daraja la shaba walikuwa wa shaba, wakijisugua kwa majivu ili wang'ae. Wa fedha walikuwa wa fedha. Wa dhahabu hawakuweza kukunja magoti, kwa hiyo walisukumwa kwenye matoroli na kuegeshwa karibu na mlango wa kupandia, ambako ndiko walikostahili kukaa.

Mwishoni mwa ukumbi palikuwa na Dirisha la Wasafiri Waaminifu. Lilikuwa dirisha tu, halina ukuta wala mtu nyuma yake. Lenyewe ndilo lililohudumu.

Nikawamimina vifaranga juu ya kizingiti chake. Likawatazama.

"Hawatoshi," likasema.

Nikaeleza kwamba wiki iliyopita walitosha. Dirisha likakubali kwamba ni kweli, wiki iliyopita walitosha. Nikauliza hesabu ilibadilika lini hasa. Likasema ilibadilika nilipoinama kuvua viatu.

"Lakini sisi ni waaminifu," nikasema.

"Uaminifu una ushahidi?"

Hapo nikaanza kusema, na maneno yakatoka bila kunisubiri. Nikalieleza Dirisha kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyepanda ndege bila Shangazi Namsifu kumsindikiza. Ndiye anayetafuta gari la kutubeba sote, anayemkumbusha mchungaji afupishe sala pale kwenye maegesho, anayepiga magoti mbele ya mizani akipunguza unga kwenye begi hili na kuongeza kwenye lile mpaka kilo zikubali. Kisha wengine wakirudi garini kula ndizi, yeye huenda kwenye uzio. Hupunga mkono mpaka ndege ipae, mpaka iwe kama nzi, mpaka kusiwe na kitu. Hushusha mkono mwisho. Husema anayesindikiza haondoki kwanza. Na akirudi nyumbani hafagii mpaka msafiri apige simu kwamba amefika, kwa sababu ukifagia nyayo za mtu aliye njiani unamfutia njia.

"Hilo la ufagio nani analithibitisha?" Dirisha likauliza.

Mlango ukafunguka, ikaingia sakafu ya sebule yetu. Ikajitandaza katikati ya ukumbi.

"Ninathibitisha," ikasema. "Nakiete alipoondoka nilikaa siku mbili bila kuguswa. Mchungaji alidondosha biskuti. Chungu walikuja. Mama huyu akavuka juu ya chungu kwa ncha za vidole, hakufagia."

Chembe za biskuti bado zilikuwepo. Shangazi akaona haya, akataka kuinama kuziokota. Sakafu ikamwomba asijisumbue.

Sauti ya Dirisha ikalainika.

"Yote ni kweli," likasema. "Ila kusindikiza nako kuna muda wake, kama pointi nyingine zote. Pointi usipozitumia, zinakufa. Za mama zote zimekufa."

Likafungua droo. Ndani mlikuwa na manyoya laini ya manjano, mengi, mepesi, hayana mwenyewe.

Nilimfikiria Shangazi akifungua ule utepe mwekundu, akirudisha ulezi ghalani, akisema si neno, Mungu ana wakati wake. Hayo ndiyo maneno aliyosema kila mara jambo lilipomponyoka, na mimi nilikuwa nimejiapia kwamba safari hii hatayasema.

Shangazi alitia mkono drooni, akayagusa yale manyoya kwa kiganja.

"Wote walifika," akasema. "Kila niliyempungia alifika. Hizi hazikufa, mwanangu. Zilitumika."

Dirisha likashusha pazia lake kidogo, likabaki hivyo.

"Mama," ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa mmoja wa wale watu wa dhahabu, juu ya toroli lake. Alizungumza kwa shida kwa sababu midomo yake ilikuwa mizito. Alituambia kwamba yeye husafiri kila juma, na kila anakofika anakaribishwa kwenye chumba chenye viti vya ngozi na korosho. Lango linamtambua kwa sura. Lakini tangu aanze kusafiri hakuna mtu aliyewahi kumpungia mkono.

"Unaitwa nani, baba?" Shangazi akamwuliza.

Yule mtu akataja namba ya kadi yake. Akajisahihisha, akafikiri, akataja nyingine.

"Jina, baba. La nyumbani."

"Filberti," akasema hatimaye, na shingo yake ikageuka kuwa shingo ya kawaida.

"Haya, Filberti. Ukishakaa tazama nje, kwenye uzio, upande wa migomba. Nitakuwa pale."

Hapo ukumbi hauna tena mabenchi. Tupo kwenye uzio, upande wa migomba, na uzio ni ule wa nyumbani kwa Shangazi, wa mabati yaliyopakwa rangi ya kijani na baba yangu. Njia ya ndege inapita pale tunapoanika kahawa. Ndege ya Filberti inanguruma, inakimbia, inapaa. Shangazi anapunga mkono. Kwenye kidirisha kimoja kitu cha dhahabu kinabanduka kama ganda, na nyuma yake kuna uso wa mtu anayelia na kucheka.

Begini, kifaranga mmoja mpya anasema pii.

Dirisha limetufuata. Limesimama kwenye nyasi, linakohoa. "Hiyo inahesabika," linasema. "Ni ya leo."

Shangazi hakuuliza nyingine ngapi zinatakiwa. Alipandisha mkono.

Sasa ndege zinakuja moja baada ya nyingine, na katika kila moja mna mtu aliyeondoka bila wa kumsindikiza. Kuna binti anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, ambaye hakumuaga mama yake kwa kuogopa kuzuiwa. Shangazi anampungia kama mama yake. Kuna mzee anayekwenda kutibiwa India, ameweka kofia magotini. Kuna rubani, ambaye watu husahau kwamba naye anasafiri. Shangazi anawapungia wote, anamtaja kila mmoja kwa cheo cha ukoo, binti yangu, kaka yangu, baba, na pii zinaongezeka begini.

Jasho linamtoka. Mkono wa kulia unashuka, anaupandisha tena.

"Shangazi, badilisha mkono," nikamwambia. "Tumia wa kushoto."

"Kwa kushoto humsindikizi mtu, baba. Atadhani unamfukuza."

Basi nikamshika kiwiko, nikakiinua. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Tukapunga hivyo, yeye na mimi, mkono mmoja kwa watu wawili. Nikamwambia kitu ambacho mchana nisingeweza kukisema, kwamba niliogopa kumweleza kuwa hazitoshi.

"Nilijua," akasema, bila kuondoa macho angani. "Ulikula ugali bila kuongea. Wewe ukinyamaza mezani huwa kuna jambo."

Ndege nyingine ikapita. Begi likafurika vifaranga mpaka utepe ukakatika, nao wakatembea kwenye nyasi, manjano tupu, wakidonoa kahawa iliyoanikwa.

"Wanatosha," Dirisha likasema. Halikuwahesabu. "Lete kiti."

Kiti kikaja chenyewe kikitembea kwa miguu minne kwenye njia ya ndege, kikajitambulisha kuwa ni cha dirishani. Kikaomba radhi kwa jambo moja: tiketi za siku hizi haziji na kila kitu. Chakula kipo, mkanda upo, lakini anga linauzwa peke yake.

"Anga nalijua," Shangazi akasema. "Nimelitazama miaka yote kutokea chini. Nitataka tu kuona kama lina mgongo."

Kiti kikajiinamia. Kwa mtu kama huyo, kikasema, anga litakuwa bure.

Akakaa. Akaweka hamu magotini, akaishika kama mtoto mchanga anavyoshikwa. Kiti kikainuka, na pande zote za kiti ndege ikajijenga, bawa hili, bawa lile.

Nikabaki peke yangu kwenye uzio. Nilitafuta nani wa kumsindikiza Shangazi, nikaona ni mimi. Nikapandisha mkono wangu wa kulia. Ndege ikapaa. Ikawa kama nzi. Ikawa si kitu. Sikushusha.

Sauti ya ufagio wa jirani ndiyo iliyoniamsha.

Ilikuwa asubuhi safi. Nikavuta simu kutoka chini ya mto, nikafungua akaunti ya familia bila matumaini, kama mtu anavyofungua chungu anachojua ni kitupu. Pointi zilikuwa zimetosha. Zilitosha kile kiti kwa bei yake mpya, na kubaki chembe. Chini yake shirika limeandika, Asante kwa uaminifu wako, maneno ambayo huyaandika hata mtu akisahau nywila.

Nilidhani aliyeziongeza ni ndugu yetu Eliamini, aliyeko Leeds, Uingereza. Nikamwandikia. Akajibu kwamba bado hajaongeza, anasubiri safari yake ya kikazi. Nikauliza kwenye kundi la ukoo, kila mmoja akamshukuru mwenzake. Sikungoja tena. Nilikata tiketi pale pale kitandani, kabla sijainama kuvaa viatu.

Shangazi alikuwa jikoni akichemsha chai ya tangawizi. Nikamwambia tiketi imepatikana, anaondoka Alhamisi. Akafunika sufuria. Akasimama kidogo akitazama ukuta, midomo ikicheza, nikajua anazungumza na Mungu kwa Kipare. Kisha akasema basi itabidi afunge lile begi upya, maana utepe ameukuta umekatika, pengine ni panya.

Akanimiminia chai, akanipa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Huyu ni mwanamke aliyenilea. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunirudisha mlangoni nianze upya, kwa sababu nilimpa mgeni maji kwa kushoto.

"Unisamehe, baba," akasema. "Huu wa kulia umeamka unauma, kuanzia begani mpaka vidoleni. Hata kikombe haunyanyui. Sijui nimelalaje."

Nikakipokea kwa mikono yote miwili.