Mianzi ya Jailos

Habari za Mchungaji Lutengano hakuna anayezijua kuliko mimi katika milima yote ya Iringa. Nyumba yetu na yake zilipakana, ukuta kwa ukuta. Sawa, ukuta kwa ukuta hapana. Katikati palikuwa na shamba la mahindi, kijito, na mbwa mkali wa watu. Lakini mkewe, Marta, tulichota naye maji kisima kimoja, na mdomo wa Marta haukuwa na kifuniko.

Lutengano alikuwa mtu wa Mbalizi, kule Mbeya. Wakubwa wa kanisa walimleta kwetu miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, wakamwachia kanisa la udongo lililoezekwa nyasi, na kengele ambayo ilikuwa rimu ya lori. Mvua ikinyesha, waumini waliokaa kushoto waliloa, na waliokaa kulia waliloa zaidi. Furaha zake zilikuwa chache: kiazi cha kuchoma kikiwa bado na majivu, sukari kidogo ya dukani kwa Taherali mjini, na mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri bila kukoroma. Ilikuwapo furaha nyingine ambayo hakuitaja hata kwenye sala, akidhani labda Mungu hana pua.

Furaha hiyo ilikuwa ulanzi. Kwa asiyeujua, unakata ncha ya mwanzi mchanga, unafunga chini yake kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta, na mwanzi unalia humo. Ukiwa mpya ni mtamu kama asali. Ukikaa kidogo ni pombe. Kanisa lilikataza vyote viwili. Aliyekamatwa alitengwa na meza ya Bwana, na akifa hajatubu, rimu haikupigwa. Alibebwa ng'ambo ya kijito akazikwa kwenye magugu, bila wimbo.

Mgema hodari pale kwetu alikuwa Jailos. Lutengano mwenyewe ndiye aliyesimama madhabahuni akalisoma jina lake kuwa ametengwa. Siku chache baadaye akamfuata kwenye mianzi yake kumwonya. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Jailos akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea mbeta.

"Pata joto kidogo, Baba. Hata koo la maonyo linakauka."

Tangu hapo Mchungaji alikwenda kumwonya Jailos karibu kila jioni, na alirudi nyumbani akitafuna kitunguu kibichi. Jailos hakumwambia mtu. Alicheka tu.

"Umenifukuza kwenye meza ya Bwana, Baba, halafu umenifuata kwenye meza yangu."

Lutengano alicheka naye. Lakini usingizi wake haukuwa mzuri.

Masika yale yalikuwa mabaya. Watu walikohoa damu, na watoto walikwenda mmoja mmoja. Lusia, mke wa Jailos, alizika wawili katika mwezi mmoja, wakalazwa kwenye ardhi ya kanisa, kwa kuwa wao hawakuwa na kosa. Kisha kichomi kikamshika Jailos mwenyewe. Akalala kwa ubavu mmoja, pumzi ikilia kama mlango mbovu.

"Mianzi," alimwambia Mchungaji. "Isipokatwa upya asubuhi na jioni, jeraha linakauka, msimu umekwisha. Lusia atabadilisha nini na mahindi? Nigemee, Baba."

Lutengano akakichukua kile kisu kilichopinda. Shuleni walimu walimchapa mpaka akaandika kwa mkono wa kulia, akala kwa kulia, na mwisho akabariki kwa kulia. Kisu tu ndicho hawakukumbuka kumfundisha, na kwa kisu alibaki mtu wa shoto. Alfajiri na jioni alijipenyeza kwenye ukungu, akagema, akanywa kidogo kama posho ya mgema, akamwachia Lusia kilichobaki mlangoni. Lusia hakuuliza. Alipokea tu.

Asubuhi aliyokufa Jailos, Mchungaji alikuwa ndiyo kwanza ametoka mianzini. Akapiga magoti kando ya kitanda. Alitamani kusikia neno moja tu la toba. Jailos akafumbua jicho.

"Ule wa pembeni... karibu na maji... usiusahau."

Akakata roho.

Wazee wa kanisa walikutana chini ya paa la nyumba ya marehemu, mvua ikimwagika. Mkubwa wao, Filemoni, alikuwa mgema kabla ya kubatizwa. Kisu alikitupa siku ya ubatizo, ila macho yake hayakubatizwa.

Lusia alipiga magoti kwenye matope. "Wazee wangu, sitaki kingine. Mlazeni na wanangu."

"Pole, mama," Filemoni alisema. "Lakini huyu alitengwa. Ametubu lini?"

Mchungaji akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaiita.

"Alitubu kwangu. Tangu augue hakushika kisu wala mbeta. Niliomba naye."

Filemoni alikuna kidevu. Neno la mchungaji ni neno. Rimu ikapigwa, vijana wakaanza kuchimba kando ya vile vilima viwili vidogo. Lusia akalia kwa mara ya kwanza siku ile, na Lutengano akajiona mtu mwema, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi.

Filemoni alikwenda kukata mti wa kubebea maiti. Na mti mrefu, ulionyooka, angeupata wapi kama si kwenye mianzi ya Jailos? Walipofika kaburini na maiti imeviringishwa mkekani, imefungwa kwenye mwanzi kwa kamba za magome, Filemoni alinyanyua mkono. Mkono wa pili ulishika mbeta, povu juu.

"Acheni kuchimba. Na wewe, acha kupiga hiyo rimu."

Rimu ikanyamaza.

"Mianzi imekatwa leo asubuhi," alisema. "Utomvu bado unadondoka. Kama Jailos aligema mpaka anakufa, basi hakutubu, na tunavuka naye kijito. Kama ni mkono mwingine, analala hapa."

"Alikuwa hawezi hata kukaa!" alisema Lusia.

"Mgema hutambaa, mama. Nawajua wagema. Tena mikato imelala upande wa shoto. Jailos alikuwa wa kulia, lakini kichomi kilimshika ubavu wa kulia. Angetumia mkono gani?"

Watu wakatazamana. Maji yalitiririka kwenye mkeka, yakaingia kule miguuni. Lusia akamwangalia Mchungaji, akangoja. Alimngoja muda wa kutosha mtu kusema jambo fupi.

"Mimi," Lutengano alisema, "kisu cha kugemea sijawahi kukishika maishani mwangu."

Filemoni akageuka polepole.

"Sikukuuliza wewe, Baba."

Mtu mmoja akakohoa. Filemoni akachomoa kisu kilichopinda kutoka mkanda wake. Alikikuta kimechomekwa kwenye shina la mwanzi wa pembeni, karibu na maji.

"Basi mkono wako ni safi. Tukatie kamba, marehemu atue chini. Tutaamua pa kumpeleka."

Lutengano alikipokea kwa mkono wa kulia. Akakata. Kisu kikateleza. Akasugua, kamba ikachanika nyuzi nyuzi, haikukatika. Akajikata kidole, akasugua tena. Aliyemzoea alijua kwamba mtu huyu angeweza kusimama pale mpaka jioni akisugua kamba ile, na maiti ikiloa. Vijana waliobeba walianza kutetemeka mabega. Mvua ikazidi.

Lusia akanyanyuka kutoka matopeni, akasogea mpaka karibu naye kabisa. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Tumia mkono wako, Baba. Mume wangu ananyeshewa."

Mchungaji hakumtazama. Alisimama kidogo na kichwa kimeinama, maji yakimtoka puani. Kisha kisu kikahamia mkono wa kushoto, na kamba ikakatika kwa pigo moja, mkato umelala upande uleule.