Ubeti wa Cleo

Mwaka ule Mto Mississippi ulipovunja kingo, maji yalijaa mpaka kambale wakaingia kanisani kwetu. Mmoja, mnene kama mchungaji, alikaa kwenye kiti cha shemasi, na naapa alisikiliza mahubiri vizuri kuliko shemasi mwenyewe. Cheka tu. Lakini maji yale yaliondoka na watu wetu, wala hayakuwarudisha. Hatukubaki na kaburi hata moja la kupalilia.

Tulichobaki nacho ni wimbo wa Ozell Pickens. Jumamosi, tukikaanga samaki, Ozell alishika gitaa, na kila aliyezama alikuwa na ubeti wake. Wimbo ulikuwa mrefu: ungeweza kuuanza mwembamba ukaumaliza na kitambi. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa Cleo, mtoto pekee wa Arzula, mkaanga samaki wetu. Ukifikiwa, Arzula aliepua karai, akafuta mikono, akasimama tuli mpaka uishe.

Kisha akaja Mzungu wa kurekodi santuri. Alikodi chumba juu ya duka la fanicha mjini, akatundika magodoro ukutani kuzuia kelele za barabarani, akamwita Ozell.

"Kaka Ozell," Arzula alimwambia, "sote tutakufa, hata wewe na domo lako hilo. Santuri haifi. Mtie mwanangu humo."

"Dada, nikimwacha Cleo nikatwe vidole."

Nilikwenda naye. Kazi yangu ilikuwa kumwekea mto wa kulalia chini ya mguu, maana Ozell akiimba alikanyaga sakafu kama nyumbu aliyeumwa na nyigu. Akaimba. Hata nusu ya wafu wetu hajawafikia, taa nyekundu ikawaka.

"Imejaa," Mzungu akasema. "Upande mmoja dakika tatu tu."

Ozell akaanza upya, safari hii na Cleo.

"Hebu simama. Mtoto aliyezama, nani atanunua? Huna mwanamke humo?"

"Wapo, bosi. Wamezama."

"Mimi nataka aliyekimbia."

Basi Ozell akamtunga palepale: mwanamke wa viatu vyekundu, aliyemtoroka siku ya mafuriko. Mwishoni akajaribu kumchomeka Cleo. Taa ikawaka kabla hajalitaja jina.

Santuri ilipotoka, ilichezwa kila nyumba yenye mashine, na asiyekuwa na mashine alisimama dirishani kwa jirani. Nasikia siku hizi hata vijana wa ng'ambo wanaupiga wimbo ule kwa magitaa ya umeme, nao hawajawahi kulowa hata soksi.

Jumamosi ya kwanza baada ya santuri kutoka, Ozell akauimba wa zamani.

"We Ozell, umelewa? Hauendi hivyo!"

"Imba kama kwenye santuri, bwana!"

"Viatu! Tunataka viatu!"

Waliopiga kelele zaidi ni walewale wenye wafu wao wimboni. Arzula akiwa ameshaepua karai, Ozell akamtazama, akawatazama watu, akaimba viatu. Ikawa hivyo Jumamosi zote, mpaka Ozell akafa kwa gongo iliyopikwa kwenye rejeta ya gari.

Tulipotoka kumzika, Arzula akasimama katikati ya watu.

"Nyamazeni. Leo naimba wa mwanangu."

Akaanza vizuri: maji mlangoni, mkono mdogo umeshika mguu wa kitanda. Halafu mdomo ukapinda wenyewe, ukatoa viatu vyekundu. Akaacha. Akarudi mwanzo, polepole, kama anayevuka ubao mwembamba. Viatu tena.

"Kaka Hosea," akanigeukia, "wewe ulikuwa unausikia kila wiki. Baada ya mkono, nini?"

Mimi, niwezaye kumtungia kambale mahubiri ya siku nzima, nilifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Watu walidhani amepotea tu, wakaamua kumsaidia. Wakaitikia kwa sauti moja, wakipiga makofi, viatu vyekundu, viatu vyekundu. Arzula alitikisa kichwa, akatikisa tena. Kisha akaimba pamoja nao.