Vya Kusubiri Huenda Juu

Kazi yangu ni kuchora rafu. Watu wakisikia hivyo hudhani natengeneza kabati za vyombo, na nimechoka kuwasahihisha. Nachora rafu za maghala: nguzo za chuma, mihimili, sakafu ya mbao nene, ngazi, kisha rafu nyingine juu ya sakafu hiyo, kisha sakafu nyingine tena, mpaka ghala lililokuwa tupu kule juu linakuwa na ghorofa tatu za mizigo na watu wakipita katikati yake. Nikikosea hesabu, hainiangukii mimi niliyekaa mezani na penseli.

Ghala la nguo la Chapchap nililichora mwaka jana. Jina hilo mwenye ghala alipewa na wafanyakazi wake, kwa sababu hakuna jambo alilowahi kulitaka kesho. Aliyenipeleka kwake ni mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Alikuwa amefanya kazi pale kwa miaka kumi na tatu, akichambua nguo na kuzifungasha. Aliposikia bosi wake anataka nafasi zaidi bila kujenga, alimwambia kwamba ana mtoto anayeijua kazi hiyo. Chapchap akaniuliza naweza kuanza lini. Nikasema wiki ijayo. Akauliza kwani leo nina nini.

Nilipima kwa siku tatu. Sikubahatisha, na sisemi hivi ili kujitetea. Niliweka katoni sitini kwenye mizani, moja baada ya nyingine: blauzi, fulana nyepesi, magauni ya watoto. Wastani ulikuwa kilo kumi na tatu. Nikaongeza nusu yake kwa usalama, nikaandika ishirini. Nilipouliza ghorofa ya juu kabisa itawekwa nini, niliambiwa utaratibu wa pale haujabadilika tangu ghala lifunguliwe: vinavyotoka kila siku hukaa chini, vya kusubiri huenda juu. Nikaenda kuangalia vilivyokuwa vikisubiri siku hiyo. Yalikuwa magauni ya watoto, mepesi kama manyoya. Kwa hiyo sakafu ya juu niliipa mihimili myembamba kuliko ya chini. Chapchap alinisifu kwa kutotapanya chuma, na mimi, mjinga, nikavimba kichwa.

Miezi minane baadaye nilirudi asubuhi na mchoro wa ghala lake la pili, nikihitaji sahihi yake tu. Alikuwa ofisini akiongea na simu. Mlangoni palikuwa na katoni tatu, moja imeziba njia. Niliisukuma kwa mguu, haikusogea. Nikainama kuinyanyua, ikanishinda.

Nilimwuliza ni mzigo gani huo. Akafunika simu kwa kiganja, akasema ni sare za shule, suruali za kaki na sweta. Huja mara moja kwa mwaka na kukaa mwezi na nusu zikingoja shule zifunguliwe. Hazijamaliza kupanda, bado lori moja.

"Juu kumejaa mpaka kwenye vijia," alisema. "Kwa kweli umenitoa kimasomaso."

Niliiburuta katoni mpaka kwenye mizani. Kilo ishirini na tisa.

Nimewahi kuogopa mbwa, nimewahi kuogopa mtihani, nimewahi kuogopa majibu ya hospitali. Sikuwahi kuogopa namna ile. Nilikuwa nimepima ghala zima kwa nguo za msimu mmoja, na hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyenitajia sare kwa sababu mwezi ule hazikuwepo, na mimi sikuuliza mwaka mzima unaendaje.

Nilipanda hadi ghorofa ya kati, nikatoa uzi na tepu kwenye mkoba, nikavuta uzi chini ya mihimili inayobeba sakafu ya juu. Mhimili uliokuwa na ruhusa ya kupinda milimita kumi na mbili ulikuwa umepinda ishirini na moja. Wa pili yake, ishirini na tatu. Ndoano inayoushikilia kwenye nguzo ilikuwa imeanza kufunguka. Rangi ilikuwa imebanduka, na chuma cha ndani kilikuwa kinang'aa upya.

Juu ya kichwa changu nilisikia nyayo. Wanawake kumi na wawili walikuwa wakichambua sweta kule, na mmoja wao alikuwa mama mdogo. Sauti yake niliitambua mara moja. Alikuwa akimwambia mwenzake kwamba anakunja sweta kama mtu anayenyonga kuku.

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Kwa muda wa pumzi tatu au nne niliogopea kazi yangu kuliko nilivyowaogopea wao. Niliwaza kwamba huenda sakafu itahimili mwezi na nusu, shule zitafunguliwa, sare zitaondoka, nami nitarudi kimya kimya kuongeza mihimili kwa kisingizio chochote. Kisha mtu huko juu akakokota katoni, na vumbi likanidondokea usoni kutoka kwenye maungio ya mbao. Nilishuka ngazi nimeshika reli kwa mikono miwili.

Nilimwambia Chapchap kwamba nimekosea, sakafu ya juu imebeba kupita uwezo wake, na lori lisishushe hata katoni moja. Uso ulimbadilika. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kengele ya hatari iliyo ukutani, nami nikaudaka.

"Ukipiga hiyo, watakimbia wote kuelekea ngazi moja," nilimwambia. "Wakikimbia, wanaiangusha."

"Sasa tufanyeje?"

"Subiri hapa. Mimi napanda."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Chapchap alisubiri.

Ngazi ya juu ina vipago kumi na sita. Niliichora mwenyewe na sikuwahi kuona kwamba ni ndefu. Nilipofika nilikanyaga kwa mguu mmoja kwanza, kama mtu anayejaribu maji, ingawa nilijua haisaidii kitu. Nilitembea pale tu nguzo zinapopita chini, kwa maana hapo ndipo penye nguvu. Kila ubao ulitoa mlio mdogo. Pande zote mbili sare zilikuwa zimepangwa hadi juu ya kichwa changu, na kwenye kijia wameweka nyingine, ikabidi nipite kiubavu. Hesabu ilikuwa ikijipiga yenyewe kichwani: katoni hizi sita, kilo mia moja sabini na nne, kwenye eneo nililoliandikia mia moja ishirini. Nilitamani akili yangu inyamaze.

Mama mdogo aliniona akatabasamu. Nilimsogelea mpaka sikioni.

"Mama, usishtuke. Sakafu haiwezi huu mzigo. Nimekosea mimi. Inabidi washuke mmoja mmoja, polepole, wapite hapa kwenye nguzo."

Alinitazama. Alimaliza kukunja sweta aliyokuwa nayo, akaiweka. Kisha akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Chapchap amepatwa na huruma ghafla na anataka kumwona kila mtu kuhusu likizo. Waanze walio karibu na ngazi, mmoja mmoja, wafuate mstari huu wa nguzo, na wasikimbie, maana mtu yule habadilishi mawazo ndani ya dakika moja. Wakacheka. Mimi nilicheka pia.

Wa kwanza akashuka, kisha wa pili. Wa tatu alikuwa mjamzito, miezi saba au minane. Alishika kila nguzo aliyoipita, polepole, na hakuuliza swali lolote kuhusu likizo. Mwanamke wa saba alirudi nyuma kuchukua kandambili zake, na nusura nipige kelele. Mama mdogo alimwambia azifuate baadaye, Chapchap hamlipi kwa viatu. Nilihesabu hadi kumi na mmoja.

Tulibaki wawili. Nilimwambia atangulie.

"Tangulia wewe."

"Mama, tafadhali."

"Sijakulea miaka yote hiyo ili ushuke nyuma yangu. Tangulia."

Hatukuwa na nafasi ya kubishana, wala hatukupaswa kukanyaga mbao zile pamoja. Nilitangulia, na nimelichukia jambo hilo mpaka leo. Nikiwa chini ya ngazi niliona miguu yake ikitokeza, kipago cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa katikati mlio mkavu uliposikika, kama ubao unaovunjwa gotini. Sakafu ya juu ilishuka shubiri moja upande wa kulia na kukwama. Katoni ziliegemea. Moja ilianguka kijiani, pale hasa alipokuwa amekaa akikunja. Mama mdogo hakugeuka kutazama. Alimaliza ngazi, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi.

Nje tulikaa kwenye ukingo wa jukwaa la kupakulia mizigo. Chapchap alikuwa akimwelekeza dereva wa lori aondoke, sauti imemkauka. Wale wanawake walisimama upande wa pili wa uwanja, wamekwisha kuelewa kwamba likizo haikuwepo. Nilimwomba mama mdogo msamaha. Nilimweleza habari za kupima katoni sitini, za magauni ya watoto, zote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akiitazama mikono yake.

"Imekuwa ikilia siku nne," alisema.

Sikuelewa.

"Sakafu. Siku nne inalia. Yule mwenye mimba aliniambia juzi, akaomba apangiwe chini. Nikamwambia aache woga, hii kaichora mwanangu. Jana hakutaka kupanda kabisa. Nikamshika mkono nikampandisha mwenyewe." Alimtazama ng'ambo ya uwanja. "Nikamwambie nini sasa?"

Mtu aliyekuwa ameisikia sakafu yangu alikuwepo, na jina langu ndilo lililotumika kumnyamazisha.

Mama mdogo alitaka kuinuka, nikamzuia. Yule mwanamke alikuwa amekaa chini peke yake, ameegemea ukuta, mikono miwili tumboni. Nilivuka uwanja, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeichora ile sakafu, na kwamba alisikia vizuri.