Pua Aliyoivunja Kaka

Mpini wa jembe ulimpata Sadala katikati ya uso. Alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachokanyagwa, kisha akaiona ardhi ya Kwamsisi ikimjia mbio. Aliyempiga hakuwa mwizi wala jambazi. Alikuwa Mbwana, kaka yake wa tumbo moja, na walikuwa wakigombea hatua nne za shamba la ufuta ambalo marehemu baba yao aliliacha bila kuweka mpaka. Mbwana aliuinua mpini mara ya pili. Wanawake waliokuwa wakipalilia jirani walipiga yowe wakamning'inia mikononi, la sivyo siku ile mama yao angemzika mtoto mmoja na kumsindikiza mwingine gerezani.

Wazee waliwakalisha, wakawapatanisha, wakawashikanisha mikono. Mpaka ukachimbiwa mawe. Lakini neno la samahani halikutoka kinywani mwa Mbwana, na pua ya Sadala ilipona ikiwa imelalia kushoto, tundu la kulia limeziba kabisa. Akawa mtu wa kupumua kwa mdomo. Gulioni wakamwita Kona.

Jina hilo lilimgeuza mnyama. Yeye aliyejulikana kwa upole sasa alikuwa akitembea ngumi zimekunjwa. Mara ya kwanza alimpiga kofi dereva wa bodaboda. Mara ya pili alimtupa mtu kisimani, wakamtoa kwa kamba. Mara ya tatu mnunuzi wa mahindi alimwambia, "Kona, sogeza gunia," na Sadala akashika jiwe la mizani akampiga nalo mdomoni. Meno matatu yaliruka yakaangukia kwenye mahindi.

Siku hiyo mkewe, Ikram, alimngoja mlangoni.

"Baba Faraji, utaua mtu kwa ajili ya pua," alisema. "Nenda ukatibiwe, au mimi na mtoto tunarudi kwetu."

Siku hizo habari za pua hazikuwa tena za wanawake peke yao. Vijana wa Handeni walikuwa wakionyeshana kwenye simu picha za wanaume waliochongwa pua, kabla na baada, na mmoja akasema yuko mtu Korogwe anayejiita Dokta Fabi, hodari wa pua za kiume, dakika arobaini unarudi nyumbani. Sadala alizitazama zile picha wiki nzima. Ikram alimwuliza mambo mawili tu: huyo daktari amesomea wapi, na ukivuja damu atakupeleka wapi? Sadala akasema wanawake wana maneno mengi, akafunga begi.

Alipofika kituo cha basi alimkuta Mbwana amesimama na kofia mkononi.

"Nimesikia unakwenda kukatwa," Mbwana alisema. "Nakwenda na wewe."

"Nani amekuita?"

"Hakuna."

Wakapanda. Walikaa kiti kimoja mpaka Korogwe.

Nyumba ya huyo Dokta Fabi, jina lake kamili Fabiani, ilikuwa Old Korogwe, nyuma ya maduka, upande wa kuelekea mtoni. Sebuleni walikuwemo wanaume watatu, kila mmoja ameivuta kofia hadi kwenye nyusi. Mmoja wao, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliwapisha kwenye benchi.

"Shikamoo kaka," alimwambia Mbwana. Jina lake lilikuwa Erasto, mwalimu kutoka Vugiri, anayeoa mwakani. Pua yake haikuwa na kasoro yoyote ambayo Sadala aliweza kuiona, ila ilikuwa pana kama pua za watu wengi.

"Nataka iwe nyembamba kidogo," Erasto alisema kwa sauti ya chini. "Siku hizi mwanamume naye anajitazama. Zamani tulikuwa tunadanganyana tu kwamba hatujali."

Fabiani akatoka, koti jeupe, viatu vinang'aa. Mbwana alisimama.

"Daktari, samahani. Wewe umesomea wapi kazi hii?"

Fabiani alicheka. "Mzee, sijaja kwako kuomba ajira."

Wale wenye kofia wakacheka pia. Sadala aliona aibu, na aibu ikawaka moto. "Kaa chini!" alimkaripia kaka yake mbele za watu. "Wewe huna neno lolote juu ya pua hii."

Mbwana akakaa.

Chumbani mlikuwa na kiti cha saluni, beseni, na vijana wawili wenye mikono minene. Walimfunga Sadala kwa mikanda, kifuani na miguuni, wakasema ni utaratibu. Fabiani alimchoma sindano mbili za ganzi puani, na kabla ganzi haijakolea akaingiza kisu.

Sadala aliwahi kuumwa na nyoka, aliwahi kuangukiwa na gogo. Hayakuwa kitu. Maumivu haya yaliingia nyuma ya macho yakakaa huko. Alipopiga kelele, mmoja wa wale vijana alimziba mdomo kwa taulo.

"Tulia!" Fabiani alisema. "Wewe si mwanamume?"

Kisha akachukua patasi ndogo na nyundo. Pigo la kwanza lilipasua kitu ndani ya uso wake. La pili lilifungulia damu, ikamiminika kooni, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umezibwa na pua imejaa, Sadala alianza kuzama katika damu yake mwenyewe. Alitupa miguu mpaka mkanda mmoja ukakatika, akalipiga teke beseni, nalo likagonga ukuta kwa kishindo.

Mlango uling'oka kwenye bawaba zake. Mbwana hakuuliza kitu. Alimshika yule mwenye taulo shingoni akambamiza kichwa ukutani mara mbili, akaanguka kama gunia. Yule wa pili aliokota kisu cha upasuaji akamchana Mbwana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mbwana aliutazama ule mkono uliofunguka kama si wake, akampiga yule kijana ngumi ya koo, akamgeukia Fabiani. Alimpokonya nyundo.

Pigo la kwanza lilimpata Fabiani jichoni. Akapiga magoti. La pili likamvunja taya. Erasto akaingia mbio, akaona damu imetapakaa mpaka darini, akamwona Sadala akijinasua kwenye kiti na uso usio na umbo. Mwalimu yule mpole alinyanyua stuli akaanza kumtwanga nayo Fabiani mgongoni.

"Ungenifanya hivi?" alikuwa akilia. "Na mimi ungenifanya hivi?"

Nje watu walikuwa wamejaa. Mtu alipaza sauti kwamba kuna daktari feki anaua, na sauti nyingine ikajibu, "Leteni tairi!"

Sadala alianguka sakafuni akatambaa. Na yeye alitaka Fabiani afe; alilitaka jambo hilo kwa moyo wote. Lakini aliinua macho akauona uso wa Mbwana, meno yamebanwa, macho hayamwoni mtu, na akajua kwamba pigo linalofuata litakuwa la mwisho, na kaka yake hatarudi tena Kwamsisi. Alijaribu kusema, "Kaka, inatosha," ikatoka damu tu. Basi akajitupa juu ya Fabiani.

Nyundo ilimshukia Sadala begani. Mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, ulikatika.

Mbwana alisimama, mkono umebaki hewani. Aliona aliyempiga ni mdogo wake. Nyundo ikamtoka.

Watu wa kwanza walikuwa wameshaingia sebuleni, mmoja na galoni mkononi. Mbwana alikwenda akasimama katikati ya mlango, damu ikimchuruzika vidoleni.

"Ameshapigwa," alisema. "Atakayetaka kumchoma anianze mimi."

Jiwe lilimpasua paji la uso. Hakusogea. La pili likampata kifuani, akayumba, akashika mwimo wa mlango. Erasto alitupa stuli, akaja akasimama kando yake. Wakabaki hivyo, wakitukanwa na kurushiwa mawe, mpaka polisi walipofika.

Fabiani hakufa. Jicho moja halikuona tena, na mahakamani ilijulikana kwamba alikuwa muuzaji wa duka la dawa aliyejifunza upasuaji kwa kutazama video. Alifungwa. Mbwana alikaa mahabusu siku kumi na moja, baadaye akapewa kifungo cha nje. Erasto alitoa ushahidi bila kuficha kitu, hata stuli yake aliitaja.

Uso wa Sadala ulioza kwa ndani. Wiki sita alichomwa sindano hospitalini, na usaha ulipokauka daraja la pua lilikuwa limebonyea kama njia ya maji. Daktari wa zamu alimwambia amsubiri Daktari Efrazia, bingwa aliyekuwa akija Korogwe kila baada ya miezi mitatu.

Safari hii Ikram ndiye aliyeuliza maswali. Umesomea wapi, mama? Umefanya ngapi kama hii? Ikiharibika? Daktari Efrazia hakukasirika. Alionyesha cheti chake. Alionyesha picha za wagonjwa waliomruhusu, na moja ilikuwa mbaya.

"Huyu ilibidi nimrudie," alisema. "Na wewe siwezi kukugusa sasa. Nyama ikomae mwaka mzima. Halafu nitachukua gegedu, ule mfupa laini wa ubavuni, nikujengee. Utapumua, hilo naliamini. Uzuri, siwezi kukuahidi."

Akaongeza kwamba asubuhi ile alimrudisha mwalimu mmoja kutoka Vugiri aliyetaka kupunguzwa pua nzima isiyo na ugonjwa. Alimwambia aoe kwanza, akae, kisha afikiri upya.

Akachukua kalamu. "Ilivunjika lini mara ya kwanza? Nani aliivunja?"

Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, kovu refu mkononi. "Mimi," alisema.

"Na bega?"

"Mimi pia." Akamgeukia Sadala. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilipaswa kusema siku ileile shambani."

Sadala alitaka kumjibu vizuri, lakini hasira ya siku nyingi haitoki kwa siku moja. "Nimesikia, kaka," alisema. Hakuweza zaidi ya hapo.

Mwaka ulipita, wakaenda. Upasuaji ulichukua saa nne, akiwa amelala usingizi wa dawa, na hakusikia kitu. Siku ya kufunguliwa bandeji Mbwana alikuwepo, amekaa mwisho wa kitanda. Muuguzi alitoa pamba ya mwisho, na Sadala akavuta hewa kwa matundu yote mawili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuimaliza.

Ikram alimkagua kwa muda mrefu, kulia na kushoto.

"Si ile niliyoolewa nayo," alisema. "Lakini funga mdomo, upumue. Hivyo hivyo."