Sabato Iliyowahi

Nyumbani kwetu jua lilikuwa chini ya mamlaka ya mama mkwe wangu. Kila Ijumaa alikaa dirishani, na likizama tu humpigia simu mwanawe kule karakana, maana ndani ya ule moshi wa kuchomelea vyuma mchana na jioni ni kitu kimoja. Mume wangu, ambaye mafundi wenzake humwita Cheche, akisikia sauti ya mama yake huzima mashine na kuja tufungue Sabato pamoja.

Ijumaa hiyo bosi alikuwa amemwonya mbele ya wote: "Geti la shule lisipokamilika leo, Jumapili usije. Nimechoka na visingizio vya dini."

Jioni wingu zito likatanda, nyumba ikawa giza. Mama mkwe akachukua simu.

"Mama, si wingu tu hilo?"

"Ijumaa nimeziona nyingi kuliko wewe," akajibu, akapiga.

Cheche akaja mbio, akaoga, akavaa shati jeupe.

"Na geti?" nikamnong'oneza.

"Bado bawaba mbili."

Tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo wingu lilipopasuka. Jua likaingia hadi kwenye zulia, jua zima, wala halina haraka. Wimbo ukakatikia hapo.

Nilishikwa na hasira. Nilitaka kumwambia mama mkwe kwamba ubishi wake umefanya kibarua cha mwanawe kiote nyasi, na watoto tutawalisha huo ubishi. Lakini akanitangulia.

"Nimekosea," akasema. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Rudi kazini, mwanangu."

"Mama, tumeshafungua Sabato."

"Sabato haiingii kwa amri yangu. Nenda!"

Akatoka na shati lake jeupe. Mama mkwe akainuka kitini, akaniwekea simu mkononi.

"Kaa wewe. Macho yangu leo yameniaibisha."

Nikakaa. Jua likateremka nyuma ya paa la jirani, likabaki kipande, halafu uzi tu. Nikaomba lisimame. Halikusimama. Mama mkwe hakuniuliza kitu, na laiti angeuliza ningepata wa kumgombeza. Kidole changu kilikataa kubonyeza. Nani angejua nikichelewa kidogo? Ningejua mimi. Nikapiga.

"Limezama?" Cheche aliuliza, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Umebakiza nini?"

"Bawaba moja. Limezama?"

"Limezama, baba."

Mashine ikanyamaza. Nikasikia bosi akifoka, kisha simu ikakatika. Nikajiona nimemfukuzisha mume wangu kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliporudi, mkono wa shati ulikuwa umetobolewa na moto. Sikuweza kumtazama.

"Bosi alitoka nje," akasema, "akaangalia anga, akarudi ndani."

"Akasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Eti watu wake wa visingizio wakishaondoka huwa hawarudi, lakini mimi jua lilipotoka nilirudi. Jumapili nikamalizie, watu wa shule atazungumza nao yeye."

Nikalia palepale, bila aibu. Mama mkwe aliniacha nilie hadi nikatosheka. Kisha akafungua kitabu cha nyimbo, lakini badala ya kuanza kuimba kama kawaida yake, akanikabidhi.

"Haya, mwenye dirisha," akasema. "Tufungulie Sabato."